Mzazi Ndani, Theluji Nje: Mwongozo Kamili wa Shughuli za Wazee Majira ya Baridi

Kila Januari nasikia habari ileile kutoka familia tofauti. Mama aliletwa Minnesota, Marekani, kukaa na watoto. Agosti alikuwa anatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, anasalimia majirani kwa mkono. Sasa anashinda kwenye kochi na blanketi magotini. Mtoto akanunua baiskeli ya mazoezi, haikuguswa baada ya wiki ya kwanza. Akamwandikisha kwenye kituo cha wazee, mama akaenda mara mbili akasema haelewi wanachosema watu wa kule. Ikabaki televisheni.

Wengi husema mzee amekuwa mvivu au amezeeka ghafla. Si hivyo. Mtu aliyelima, aliyeuza sokoni, aliyelea watoto saba, hajui kufanya jambo lisilo na faida kwa mtu. Baiskeli isiyokwenda popote haimwiti. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya sharti moja: kila shughuli ndani ya nyumba iwe na mtu anayeisubiri. Sharti hilo likikosekana, hata vifaa vya bei kubwa vitakaa bure.

Nimeandika nikiwa na Minneapolis na Saint Paul akilini, maana baridi ya huko ndiyo ninayoijua. Ukiwa Edmonton, Oslo au Portland ya Maine, badilisha majina ya mahali, saa na namba ya dharura.

## Vitu vya kuandaa

Usinunue mashine yoyote ya mazoezi kwa sasa. Tafuta hivi:

- Kiti kigumu cha mbao au chuma, kisicho na magurudumu wala mikono, kimo cha kukalia karibu sentimita 43. Kochi halifai, linammeza mtu.
- Viatu vya ndani vyenye soli ya mpira na kisigino kilichofungwa. Kandambili na soksi tupu ziache.
- Kipimajoto cha chumba kinachoonyesha pia unyevu wa hewa.
- King'ora cha moshi na king'ora cha gesi ya monoksidi ya kaboni.
- Taa ya mwanga mkali ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), iliyoandikwa kuwa haina miale ya urujuanimno.
- Taa ya meza yenye shingo ya kupinda.
- Makasha matatu ya mayai ya dazeni, na kete 64: gololi, vijiwe laini au maharage makubwa.
- Choroko nusu kilo (ndengu kwa Wakenya, pojo kwa watu wa Mombasa), chupa ya kioo ya mdomo mpana na kipande cha chandarua.
- Uzi wa kufumia na sindano yake, au kitambaa na sindano za kofia.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Daftari moja na kalamu nene.

Vingi vya hivi vimo nyumbani tayari. Taa ya lux 10,000 ndiyo yenye bei, na inaweza kungoja mpaka daktari aikubali.

## Hatua ya 1: Muulize mzee, kisha muulize daktari

Kaa naye mkiwa wawili tu, bila simu mkononi. Usimwambie "nimekupangia." Muulize alikuwa anafanya nini saa nne asubuhi akiwa nyumbani kwao, alikuwa akitembelewa na nani jioni, na mikono yake inajua kazi gani. Andika majibu kwenye daftari. Humo ndimo utakapochukua shughuli zote zinazofuata.

Baba aliyekuwa fundi cherehani hatapenda kupanda mchicha kwenye kopo. Mama aliyekuwa mpishi wa shughuli za mtaa mzima hataridhika na kupaka rangi picha za watoto. Vituo vingi hukosea hapo, na sisi watoto pia.

Kisha daktari. Maswali ni matatu: je, moyo na presha vinaruhusu mazoezi mepesi, je, kuna dawa inayoleta kizunguzungu akisimama, je, macho na dawa zake vinaruhusu taa ya mwanga mkali. Uliza na vitamini D, kwa sababu jua la majira ya baridi huku liko chini mno na ngozi nyeusi huitengeneza polepole zaidi. Kipimo akitaje daktari, si duka.

Dalili ya kufaulu: una angalau kazi tatu ambazo mzee mwenyewe amezitaja, na daktari hajaweka pingamizi.

## Hatua ya 2: Pima miguu kabla ya kupanga lolote

Kuna kipimo rahisi kinachotumiwa na wahudumu wa afya Marekani. Egemeza kiti ukutani. Mzee akae katikati ya kiti, nyayo sakafuni, mikono imepishana kifuani. Ukisema "anza," asimame wima na kukaa tena, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Hesabu kila anaposimama kamili. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, hesabu yake ni sifuri.

Kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 79, chini ya mara 10 ni ishara kwamba yuko katika hatari zaidi ya kuanguka. Akiwa 80 hadi 84, chini ya 9. Kwa mwanamume wa miaka 70 hadi 74 ni chini ya 12, wa 75 hadi 79 chini ya 11, na wa 80 hadi 84 chini ya 10.

Kipimo cha pili: asimame karibu na meza ya jikoni, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine, kama anayetembea juu ya kamba. Asipofikisha sekunde 10, uthabiti wa mwili wake una upungufu.

Sababu ya kupima ni kwamba bila namba utapanga kwa huruma au kwa tamaa, na vyote viwili huangusha watu. Namba ndogo isikutishe. Inakuambia uanzie kwenye kiti, na umwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa viungo.

Onyo: simama ubavuni mwake muda wote. Usifanye kipimo mara tu baada ya kuamka au baada ya dawa ya presha. Akiumwa kifua, akikosa pumzi au akiona giza, acha papo hapo. Maumivu ya kifua yasiyotulia ni ya kupiga 911, namba ya dharura, si ya kungoja mkwe arudi kutoka kazini.

Dalili ya kufaulu: namba mbili na tarehe zimeandikwa daftarini.

## Hatua ya 3: Iandae nyumba

Tembea kutoka kitanda cha mzee hadi chooni, hadi jikoni, hadi kiti chake cha mchana. Kila kinachoteleza au kukunjamana kwenye njia hiyo kiondoke: mkeka, zulia dogo, waya wa chaja, mabuti ya theluji yaliyoachwa mlangoni yakiyeyusha maji. Weka taa ndogo ya usiku kwenye njia ya choo.

Angalia na nguo. Dera refu ni hatari kwenye ngazi, na kanga iliyofungwa chini ya kifundo cha mguu hukanyagwa wakati wa kusimama. Mwombe mama apunguze pindo sentimita chache au avae suruali nzito ndani na kanga fupi juu. Lisemwe na binti au mkwe wa kike, kwa heshima yake.

Joto la chumba lisishuke chini ya nyuzi 20 za selsiasi. Mwili wa mzee hupoteza joto upesi na hauhisi baridi mapema kama wako. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 30 na 50. Hita hukausha hewa, midomo ikapasuka na koo likawasha. Kiu nayo hupungua uzeeni, hivyo usingoje aombe maji. Chai ya tangawizi au uji mwepesi vinahesabika.

Onyo kubwa: usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, hata dakika tano, hata dirisha likiwa wazi, hata kama ni mishikaki tu ya kumfurahisha babu. Nyumba za huku zimezibwa ili joto lisitoke, na gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Watu hulala wasiamke. Oveni pia isitumiwe kupasha chumba.

Dalili ya kufaulu: mzee anakwenda chooni usiku bila kushika ukuta kutafuta njia.

## Hatua ya 4: Asubuhi, mwanga na viungo

Tarehe 21 Desemba jua la Minneapolis huchomoza karibu saa 1:50 asubuhi na kuchwa karibu saa 10:35 jioni. Mtu aliyezoea mchana wa saa kumi na mbili, mwaka mzima, mwili wake huchanganyikiwa: analala mchana, anakesha usiku, anakosa hamu ya chakula. Ndiyo maana shughuli inaanza na mwanga.

Kama daktari ameruhusu, washa ile taa ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka. Iwe umbali wa sentimita 40 hadi 60, pembeni kidogo mwa uso, kwa dakika 20 hadi 30. Asiitazame moja kwa moja. Anakunywa chai au anasoma msahafu, Biblia au gazeti huku mwanga ukimfikia. Isiwashwe jioni, itafukuza usingizi. Mwenye maradhi ya retina, au aliyewahi kupata hali ya furaha iliyopita kiasi inayofuatwa na huzuni kubwa, asiitumie bila daktari.

Baada ya chai, viungo. Dakika 15 zinatosha kwa kuanzia:

1. Akiwa amekaa, apige mguu sakafuni kulia na kushoto kama gwaride, dakika 2. Weka taarab au rumba anayoipenda. Muziki wa ujana wake utafanya kazi kuliko kuhesabu.
2. Azungushe vifundo vya miguu na mabega, mara 10 kila upande.
3. Kukaa na kusimama, mara 5, apumzike, kisha mara 5 tena. Akihitaji mikono mwanzoni, atumie kiti chenye mikono.
4. Ashike kaunta ya jikoni, ainue visigino polepole na kuvishusha, mara 8 hadi 10.
5. Atembee kwa ubavu akifuata kaunta, kwenda na kurudi mara 3.
6. Asimame miguu pamoja, kisha mguu mmoja mbele nusu hatua, kisha kisigino kwa kidole, sekunde 10 kila mkao, mikono ikiwa karibu na kaunta.

Namba 3 hadi 6 zifanywe siku tatu kwa wiki, zikiachana siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na uthabiti siku tatu au zaidi kwa wiki, na mwendo wa wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mwongozo huo uliondoa sharti la zamani la dakika 10 mfululizo, kwa hiyo kutembea dakika 4 ukumbini kabla ya kila mlo ni halali kabisa. Mwendo wa wastani ni ule anaoweza kuongea lakini hawezi kuimba.

Na nani anayesubiri? Mjukuu. Mpe kazi ya kuhesabu "moja, mbili, tatu" kwa Kiswahili kabla ya basi la shule. Bibi anamfundisha namba, mtoto anamsimamia bibi, na hakuna kati yao anayetaka kumwangusha mwenzake.

Kwa Waislamu, adhuhuri, alasiri na magharibi hukaribiana sana Desemba. Panga kutembea ukumbini katikati ya sala hizo badala ya kushindana nazo. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Januari; aliyefunga ahamishie mazoezi baada ya kufuturu, na mwenye kisukari azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Dalili ya kufaulu: baada ya wiki chache analala mapema zaidi, na anainuka kwenye kochi bila kuvutwa mkono.

## Hatua ya 5: Kazi ya mikono yenye mlaji au mvaaji

Anza na choroko, kwa sababu matokeo yanaonekana haraka na hazihitaji udongo. Loweka kikombe nusu usiku mzima kwenye chupa. Asubuhi mwaga maji, funga mdomo kwa chandarua, ilaze chupa imeinama ndani ya bakuli, mahali penye kivuli. Mzee aisuuze kwa maji safi na kuyamwaga mara 2 au 3 kwa siku. Siku ya tatu hadi ya tano ziko tayari, nyeupe na nene.

Kusuuza ndiko kunakomwinua. Mara tatu kwa siku anakwenda jikoni kwa miguu yake akiwa na sababu. Ijumaa familia yote inajua kwamba mboga imetoka kwa bibi.

Onyo: wazee wasile miche ya choroko mbichi. Unyevu na joto vinavyoiotesha huotesha pia bakteria. Ikaangwe au ipikwe mpaka moto uiingie kote. Ikitoa harufu mbaya au utelezi, itupwe.

Baada ya raundi mbili tatu za choroko, ongeza kopo la dania dirishani. Mbegu za dania zipasuliwe vipande viwili kabla ya kupandwa, na mzee aambiwe mapema kwamba huchukua wiki moja hadi tatu kuchomoza; asipojua hilo ataona amefeli. Dirisha la Januari halina mwanga wa kutosha, weka taa ya mimea.

Kwa wanaojua sindano, mambo ni mapana. Mama wa bara atafuma vitambaa vya makochi. Mzee wa Unguja au Lamu anaweza kushona kofia ya mkono, ile ya vitobo, ambayo duara la juu na ukanda wa pembeni hushonwa mbalimbali kisha huunganishwa. Kofia moja huchukua wiki nyingi, na huo ndio uzuri wake: inavuka majira yote ya baridi na ina mwisho unaojulikana, yaani kichwa cha mjukuu siku ya Idd. Anayejua kusuka ukili atumie rafia kutoka maduka ya kazi za mikono, maana ukindu haupatikani.

Kabla ya kuanza, aloweke vidole kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache. Viungo vyenye baridi huuma. Taa ya meza itoke upande usio wa mkono anaoshonea, kivuli kisiangukie kazi. Mtoto atunge sindano kumi asubuhi na kuzichomeka kwenye mto wa sindano, ili bibi asisimamishe kazi kungoja mtu. Baada ya nusu saa ainuke anyooshe mgongo.

Dalili ya kufaulu: anakuagiza uzi. Akianza kulalamika kwamba rangi uliyoleta siyo, umeshinda.

## Hatua ya 6: Bao, na mpinzani wa kweli

Kata ubao wako kutoka kwenye makasha ya mayai. Kasha la dazeni lina safu 2 za mashimo 6. Panga makasha mawili yakabiliane, unapata safu 4 za 6. Kutoka kasha la tatu kata vipande viwili vya mashimo 2 kwa 2, vigandishe mwishoni, safu zinafika mashimo 8. Gundisha yote kwenye kadibodi ngumu. Sasa una mashimo 32, ukubwa kamili wa bao la Kiswahili.

Kwa bao la kujifunza, weka kete 2 katika kila shimo, zote 64 ziingie mchezoni. Kwa bao lenyewe, kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni: 6 kwenye nyumba (shimo maalumu la kila mchezaji) na mbili mbili kwenye mashimo mawili jirani, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Mzee anayelijua hatahitaji maelezo yako, atakusahihisha. Wazee waliokulia Oman wanaweza kutaka hawalis, yenye safu 4 za mashimo 7 na kete 2 kila shimo. Acha mashimo ya mwisho wazi, ubao uleule utatosha.

Nasisitiza bao kuliko michezo ya simu kwa sababu lina vidole, hesabu na maneno pamoja. Kuokota na kusambaza kete ni mazoezi ya mkono. Kukadiria kete itaishia wapi ni mazoezi ya akili. Na porojo linaloambatana nalo ni nusu ya mchezo, hivyo usitake utulivu.

Kosa linalorudiwa ni kumpa mzee mpinzani anayejiachilia afungwe. Anatambua mara moja na anaona amefanywa mtoto. Mpinzani acheze kwa nguvu zake zote, au aseme wazi kwamba anajifunza. Tafuta mzee mwingine wa Kiswahili ndani ya maili chache. Brooklyn Park na vitongoji vyake vina familia nyingi za Kenya. Makanisa na misikiti itakuunganisha. Siku moja kwa wiki, saa ileile, nyumba kwa kupokezana. Asiyecheza bao apewe karata, drafti, keram au dhumna.

Onyo: wakicheza hawainuki. Kila mchezo ukiisha, wote wasimame na kubadilishana viti.

Dalili ya kufaulu: Alhamisi mzee anauliza kama mwenzake atakuja Jumamosi.

## Hatua ya 7: Sauti ya mzee

Kila siku mwulize swali moja dogo na uwashe kinasa sauti, dakika 10 hadi 15. Usiseme "nisimulie maisha yako". Swali hilo humfunga mtu mdomo. Sema: mlikuwa mkichota maji wapi? Nani alikuwa jirani yenu upande wa chini? Siku ya gulio mlinunua nini kwanza? Akimaliza, andika jina la faili kwa tarehe na kichwa cha habari.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na usitume popote bila yeye kukubali. Kwa waliopitia vita, hasa wazee wengi wa mashariki mwa Kongo, kuna milango isiyofunguliwa kwa udadisi. Akinyamaza, badili mazungumzo na ukae karibu. Akirudia habari ileile ya maumivu kila siku na hapati usingizi, mtafutie mshauri anayejua lugha yake.

Jioni, baada ya chakula, iwe zamu ya vitendawili. Bibi aseme "Kitendawili!", watoto waitike "Tega!" Wakishindwa, wampe mji, naye autembelee kwa maneno kabla ya kutoa jibu. Watoto wanaojibu Kiingereza siku nzima hujikuta wakiteta kwa Kiswahili juu ya mji gani watoe.

Simu ya nyumbani ipewe saa maalumu. Majira ya baridi saa 2 asubuhi ya Minneapolis ni saa 11 jioni ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na saa 10 jioni ya Goma, Bukavu na Lubumbashi. Machi saa zikibadilishwa huku, tofauti hupungua kwa saa moja. Wajulishe ndugu, simu isije ikapishana na saa yake. Mzee aongee akiwa amesimama au akitembea ukumbini, kama miguu inaruhusu.

Dalili ya kufaulu: mtoto mdogo anadai sehemu iliyobaki ya hadithi ya jana.

## Hatua ya 8: Toka nje uingie ndani

Mara moja au mbili kwa wiki mzee aone sura mpya. Minneapolis ina madaraja ya ndani yanayounganisha majengo ya katikati ya jiji kwa takriban kilomita 15, yote yana joto. Mall of America iliyoko Bloomington, iliyofunguliwa mwaka 1992, ina korido pana, mabenchi na vyoo, na treni ya Blue Line inaishia hapo. Nendeni asubuhi ya siku ya kazi, si Jumamosi.

Ninapopapenda kuliko pote ni nyumba ya vioo ya Como Park, Saint Paul, iliyofunguliwa 1915. Kiingilio ni hiari. Ndani kuna joto na unyevu, harufu ya udongo mbichi, na miti ya jamii ya mnazi chini ya kuba la kioo wakati nje barafu imekaza. Mpeleke mzee aliyelima, umwache akutajie miti inayofanana na ya kwao.

Usisubiri kadi ya klabu ya mazoezi inayotolewa na baadhi ya mipango ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee. Mzee aliyekuja kwa watoto bila historia ya kazi Marekani kwa kawaida hungoja miaka 5 ya ukaazi kabla ya kuweza kujiunga na Medicare. Maktaba na vituo vya wazee vya jiji havina sharti hilo. Kituoni mpeleke pamoja na yule mwenzake wa bao, ili wawe wawili wanaosikilizana.

Utaratibu wa kutoka: pasha gari moto kwanza, mwage chumvi kwenye kibaraza, mshushe mlangoni kabisa kabla ya kwenda kuegesha, mtu mwingine akiwa naye. Juu ya barafu hatua ziwe fupi, unyayo wote ukikanyaga, mikono nje ya mifuko. Vyuma vya kuvalia chini ya viatu vivuliwe mara tu mkiingia, kwa sababu juu ya vigae vinateleza kuliko barafu yenyewe. Siku ambayo upepo unafanya baridi ihisike chini ya nyuzi 18 hasi, mimi husema kaeni nyumbani mkaange choroko.

Dalili ya kufaulu: anarudi amechoka vizuri, anakula, na ana habari ya kumsimulia mtu kwenye simu.

## Ikikwama

Anakataa kila kitu. Rudi hatua ya 1. Huenda umemletea shughuli zako. Mwombe msaada wa kweli, si wa kubuni: vitunguu vya leo vimenywe, nguo zikunjwe, mtoto afundishwe shikamoo.

Analala mchana kutwa. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa na uwe kabla ya saa tisa alasiri. Ukiendelea, daktari apitie dawa zake.

Anasema anataka kurudi kwao. Usimkatize kwa kumwambia ashukuru. Msikilize, kisha mpange tarehe ya mazungumzo ya kweli kuhusu safari. Lakini huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, asile, asifurahie hata wajukuu, huo ni ugonjwa wenye tiba, mpeleke.

Ameanguka. Usimnyanyue upesi. Muulize panapouma, tazama kama mguu mmoja umefupika au umegeuka nje, dalili ya nyonga kuvunjika. Kama amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aende hospitali hata akisema hana neno.

Wewe mwenyewe umechoka. Gawa zamu kwa jina na siku: mkwe Jumatatu, kijana mkubwa Jumatano, jirani wa kanisani Jumamosi. Andika kwenye daftari lilelile, libandikwe mlangoni mwa friji.

Mwisho wa Machi theluji huyeyuka mchana na kuganda tena usiku, na asubuhi hizo ndizo zenye kuteleza kuliko zote. Endeleeni na shughuli za ndani mpaka barabara ikauke kuanzia asubuhi. Kisha rudia vipimo vya hatua ya 2, andika namba mpya chini ya zile za zamani, na umwonyeshe mzee zote.